Kanda ya Ezra

Mwezi uliopita tulikutana Quakers Hill, hapa Sydney, nyumbani kwa Naomi, sisi tuliobaki wa ile kwaya ya zamani. Tulikuwa saba, na fimbo za kutembelea tatu. Naomi alipika pilau ya kutosha watu thelathini, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na mume wake Trésor, mtu wa Bukavu asiyeweza kuona mashine akaiacha ilivyo, alikuwa ameihamisha kanda tuliyorekodi zamani Ingleburn kwenye simu yake. Akaiunganisha na spika ndogo, akaiweka katikati ya sahani, tukawa tunakula huku tukisikiliza sauti zetu za ujana. Hakuna aliyeitambua ya kwake. Wimbo wa tatu ulipoanza, Trésor akaacha kutafuna. "Auntie Upendo, mbona hii wimbo inaenda polepole hivi? Mulikuwa munaumwa?" Watu wakacheka mpaka mmoja wetu akapaliwa na wali. Mwalimu Elkana, baba yake Naomi na mwalimu wetu wa kwaya, alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini, mzee wa miaka sabini na minane, sikio moja limeshastaafu, lakini swali hilo alilisikia vizuri kabisa. Akaninyooshea kijiko. "Muulizeni huyo," alisema. "Huyo ndiye alianzisha maneno."

Nilimjibu Trésor kwa kifupi, kwa sababu nilikuwa na nyama mdomoni, na jibu fupi halikumridhisha mtu. Jibu refu ni la mwaka mzima, mwaka wangu wa kwanza Sydney, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na nikijua kila kitu. Sasa nimefikisha miaka ambayo mtu huanza kujua vitu vichache, na nikiutazama mwaka ule nauona jinsi ulivyonifinyanga kuliko shule ya uuguzi iliyonileta. Vya shule nimevisahau vingi. Lakini sebule ya Lidcombe naikumbuka mpaka alama ya kikombe kwenye meza.

Nilipanga chumba kwa Mwalimu Elkana na mkewe, Mama Naomi, Wakenya wote wawili. Yeye akifanya kazi ofisini mjini, mkewe akiwa muuguzi. Kusema chumba ni heshima tu. Ilikuwa ni baraza ya nyuma iliyozibwa kwa vioo, na kitanda changu kilikaa kati ya mashine ya kufulia na ubao wa kupigia pasi. Nyumba ilikuwa karibu na stesheni, pale Lidcombe reli zinapoachana, na asubuhi nilisikia kipaza sauti kikitaja vituo ambavyo sikuvijua, nikivirudia kimoyomoyo huku nikivaa. Mama Naomi alipika ugali kwa unga wa mahindi alioununua kwenye duka la Waitaliano, unga wa njano wenye chengachenga, akiuchanganya na unga wa ngano ili ushikane. Rangi yake ilinitisha siku ya kwanza. Mboga ilikuwa majani ya silverbeet, aliyoyakata nyembamba na kuyaita sukuma wiki bila haya yoyote. "Kula tu," aliniambia, "ukifunga macho uko nyumbani." Nilifumba macho nikala, na kweli ilikaribia.

Jumamosi saa nane mchana sebule iligeuka kuwa ukumbi wa kwaya. Walikuja watu kumi na wanne, wengi wao Wakenya, Watanzania wachache, na mume na mke kutoka Burundi walioimba Kiswahili kitamu kuliko walivyokizungumza. Viatu vilirundikana mlangoni. Juu ya kabati fupi, chini ya taulo safi, ilikaa redio kaseti ya Mwalimu. Aliifunua kwa adabu, kama mtu anayefunua chakula cha mgeni, akaichomeka ukutani na kubonyeza. Hawakuwa na noti wala kitabu. Wimbo ulitoka kwenye kanda, kila sauti ikachukua sehemu yake kwa sikio, na Mwalimu akarudisha nyuma na kubonyeza tena mpaka kila mtu akaishika. Siku yangu ya kwanza nilikaa na sauti ya kwanza, nikajipanga vizuri, na kanda ikaanza. Zikatoka sauti nzito, zinazoburuta, wanawake wakisikika kama wanaume na wanaume wakisikika kama injini. Kumi na wanne wale wakainamisha vichwa wakaanza kuimba vilevile, chini kabisa, taratibu, neno moja likichukua pumzi nzima. *Tumevuka mto, nguo hazikulowa.* Nikacheka. Si tabasamu, nilicheka kwa sauti, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Kwaya ikanyamaza. Mwalimu akaizima redio akaifunika na taulo lake.

Lazima nieleze kwa nini nilicheka, ingawa hilo haliniondolei aibu. Wimbo ule nilikuwa nimeuona. Nasema nimeuona kwa makusudi. Mpaka nilipofika miaka kumi na mmoja, muziki kwangu ulikuwa kitu kinachokaa ndani ya redio, chenye kuanza na kwisha kwa saa, na mtangazaji akikikata katikati alipotaka. Halafu kwaya ya vijana kutoka Kanda ya Ziwa ikaja kanisani kwetu Dodoma, na sisi watoto tukaketishwa sakafuni mbele, karibu kiasi cha kuona kwamba mwimbishaji alikuwa na kiatu kilichopasuka kidoleni. Walipofika kwenye wimbo wa mto, walishika mapindo ya majoho yao, wakainua magoti juu, wakavuka. Walikuwa juu ya saruji kavu, lakini mimi niliona maji. Ngoma ilikimbia, wao wakaikimbiza, kiitikio kikarudiwa mara tisa kwa sababu watu walikataa kiishe, na benchi moja la nyuma likavunjika na waliokuwa juu yake wakaendelea kuimba wakiwa chini. Nilirudi nyumbani bila sauti. Tangu siku ile nilijua kwamba redio ilikuwa ikinificha kitu, na sijaiamini moja kwa moja mpaka leo.

Mama Naomi alinivuta jikoni kwa mkono. Alikuwa mwanamke mpana, mtaratibu, hakuwa na haja ya kupaza sauti. "Upendo, wacha nikuambie kitu, alafu uende uombe msamaha." Akaniambia kuhusu Ezra. Alikuwa mdogo wake Mwalimu, wa kufuatana naye. Walikuja Sydney pamoja, na kanda ile ilikuja kwenye begi la Ezra. Aliinakili mwenyewe wiki ya mwisho nyumbani, kwa jirani. Ezra ndiye aliyekuwa akiimba besi. Mwaka mmoja kabla sijafika aliugua wiki mbili tu, akafa. Mama yao aliyekuwa nyumbani akasema azikwe alipo ndugu yake, wakamzika hapohapo ng'ambo ya reli, kwenye makaburi makubwa. Alikuwa mtu wetu wa kwanza kuzikwa huku. "Hatukujua tufanye nini," alisema Mama Naomi. "Hakuna wazee, hakuna wajomba, hakuna mtu wa kutuambia sasa fanyeni hivi. Kulikuwa na sisi na priest Mzungu na dakika ishirini. Sasa Mwalimu akainua mkono, mimi nikaanzisha huo wimbo. Ndiyo mazishi yenyewe, hiyo. Sasa wewe unacheka." Nilirudi sebuleni nikaomba msamaha. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaifunua redio, tukaanza upya, na mimi nikaimba taratibu kama wenzangu.

Siku chache baadaye, nyumba ikiwa tupu, niliifunua redio mwenyewe. Juu ya kanda, Ezra alikuwa ameandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya bluu, herufi za mtu mwenye haraka. Niliisikiliza kuanzia mwanzo, nikasikia kabla ya wimbo wa kwanza mlango ukifungwa, kuku, na mtu akisema kwa sauti ya kawaida, isiyoburuta, "Hebu ngoja." Hapo nikaelewa. Waliweka redio mbili uso kwa uso, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, na hiyo iliyokuwa ikicheza, ya jirani, ilikuwa na betri zilizochoka. Kila aliyekulia kwetu nyakati zile anaijua sauti hiyo; tuliwahi kuanika betri juani na kuzing'ata ili zitupe nyimbo mbili zaidi. Kwa kuku na mlango nilikuwa na ushahidi kamili. Wimbo uliomzika Ezra haukuwa wimbo wa kuzika mtu. Ulikuwa wa kuruka, na uliburuta kwa sababu jirani yao hakununua betri mpya. Nilikaa juu ya zulia nikajiona mjanja sana, na kwa mara ya kwanza ujanja haukuniletea raha yoyote.

Nikanyamaza. Kwa mtu wa tabia yangu hilo lilikuwa zoezi gumu, na nililiweza miezi mitano. Katika miezi hiyo kitu kikanitokea ambacho sikukipanga: nikaupenda. Ukiwa umefika kutoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee nilikofanya kibarua, miguu imevimba, kichwa kimejaa Kiingereza, wimbo unaokwenda taratibu kiasi kile unakupa nafasi ya kukaa ndani yake. Mama Naomi aliuanzisha kwenye noti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia mwanamke akiigusa, na besi ziliposhuka chini yake vioo vya kabati vilitetemeka. Mara mbili nililia, nikasingizia vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa. Kule Kanda ya Ziwa hakuna aliyeusikia wimbo huo hivi. Ulikuwa wetu, wa kwaya moja ya Lidcombe, na ulizaliwa na hitilafu.

Halafu ikaja habari ya Ingleburn. Mzee mmoja wa Kizungu aliyesali ibada ya Kiingereza kwenye kanisa letu, jina lake Barry, alikuwa na studio ndogo nyuma ya karakana, kwenye eneo la viwanda la Ingleburn. Alitusikia siku moja akatupa Jumamosi nzima turekodi nyimbo nne. Furaha iliyoingia katika sebule ile siwezi kuipima. Mwalimu alitaja orodha: wimbo wa tatu utakuwa wa mto. "Alafu tutatuma kaseti nyumbani," alisema, akitabasamu kuliko nilivyowahi kumwona. "Kwa mama. Kanisani kwetu. Hata tutawatumia hao wenyewe wenye wimbo, wasikie vile umefika mbali." Niliwaona kichwani mwangu watu wa kanisa zima kule wakiweka kanda, wakitazamana, wakicheka kama nilivyocheka mimi. Na mama yake Ezra akiwa amekaa katikati yao. Nikiendelea kunyamaza, Mwalimu angejua kwa njia hiyo. Nikisema, namnyang'anya kitu pekee alichompa ndugu yake siku ile kaburini.

Nilisema Jumapili, mchana, ugali wa njano ukiwa mezani. Sikusema vizuri. Niliogopa nikashika kasi, betri, redio mbili, jirani, kuku, kiatu kilichopasuka, vyote kwa pumzi moja. Mwalimu alinisikiliza akilifinyanga tonge ambalo hakulipeleka mdomoni.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja, Mwalimu."

"Mtoto wa miaka kumi na moja." Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. "Na mimi niko na kaseti, Upendo. Mtu anaweza kusahau. Kaseti haisahau."

"Basi ngoja nikuoneshe," nikasema, kwa sababu nilishapanda na sikujua kushuka. Nikasimama kati ya jiko na meza, nikachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, nikauimba wimbo wa mto kama nilivyouona. Nikashika pindo la gauni, nikainua magoti. Naomi, aliyekuwa na miaka sita, akaruka kutoka kitini akanifuata nyuma, magoti yake yakifika kidevuni. "Again, Auntie! Faster!" Nikaongeza. Naungama hapa, kwa kuwa ni kitabu changu: miaka mingi baadaye niliipata kanda halisi ya kwaya ile, na haikuwa na kasi kama niliyoionesha jikoni. Kumbukumbu yangu nayo ilikuwa na betri mpya mno. Ukweli wa wimbo ule ulikuwa mahali fulani kati ya kanda ya Ezra na mfuniko wangu wa sufuria, na siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nao. Lakini Mwalimu hakuhitaji vipimo. Alimtazama mwanawe akicheza. Akasukuma kiti nyuma, akatoka nje, nasi tukasikia geti.

Siku nne hakuniongelesha, zaidi ya salamu. Alhamisi akarudi kutoka kazini, tai bado shingoni, akaja mpaka kwenye baraza yangu ya vioo ambako nilikuwa nikipiga pasi sare. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Ezra aliwaona hao watu," alisema. "Walikuja Kisumu kwa mkutano. Yeye alienda, mimi nilikuwa na mtihani. Mimi nimewajua kwa kaseti tu." Nilizima pasi. "Kila wakati nikifundisha huo wimbo alikuwa anasimama pale kwa besi anatabasamu. Namuuliza, Ezra, ni nini? Ananiambia, 'Endelea tu, kaka. Uko sawa.' Mimi nikadhani amefurahi."

"Labda alifurahi kweli, Mwalimu."

"Alikuwa anajua, Upendo. Ndugu yangu alikuwa anajua, akaniachia. Na mimi nimeenda nimemzika na makosa yangu." Alisema hivyo bila kupaza sauti, akiangalia mashine ya kufulia. "Hiyo siku tulikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa. Kimoja. Na nilikikosea."

Nikamwambia lililokuwa kweli: kwamba mwanzo nilicheka, na sasa nikisikia Mama Naomi akiuanzisha chini kule sina jinsi, nalia, na kwamba sijui tena upi naupenda zaidi. "Usinipe pole ya uongo," alisema. Nikasema si pole. Akaniuliza kama sare inanikaa vizuri, akaenda. Hakusema tutarekodi upi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Nimekwenda kwenye maonesho mengi ya muziki tangu wakati ule, madogo na makubwa, na nimekusanya kanda na santuri za kutosha kujaza kabati mbili, lakini studio niliingia mara moja tu katika maisha yangu. Kuta za Barry zilikuwa zimefunikwa kwa mazulia ya zamani, mengine bado na madoa ya chai. Alikuwa mtu mnene, mpole, akituomba radhi kwa kila jambo. Tuvue viatu, kwa sababu vinasikika. Tuvue bangili. Tusitikisike, tusipige makofi, tusiguse kitu. Makofi atayarekodi baadaye peke yake. Akatuvalisha vifaa vya masikioni, na nyimbo mbili za kwanza zikapita salama, ingawa tulisimama kama watu waliopigwa marufuku. Kisha akamwelekea Mwalimu akamuuliza wa tatu una mwendo gani, ili aweke ule mlio wa tik-tik wa kutuongoza masikioni. Ni swali la kawaida kabisa pale. Mwalimu akamtazama Barry, akainua kidole, akagonga meza. Aligonga haraka.

Mama Naomi akageuka kumtazama, maana yeye aliyekuwepo siku ya mfuniko alielewa; wale wengine hawakuelewa lolote. Tik-tik ikaanza, naye akauanzisha, na ulivunjika kabla ya mstari wa pili. Tukarudia. Warundi wakaachwa nyuma, tena wakawa mbele, besi wakameza maneno. Mara ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Wimbo ule unatoka magotini, na sisi magoti yetu yalikatazwa. Barry, kwa wema wake, akapata ufumbuzi. Mwimbe mwendo wenu mliouzoea, alisema, na mimi nitaiongeza kasi mashine. Tukaimba mwendo wetu. Ukatoka vizuri kuliko Jumamosi yoyote ya Lidcombe, mpaka Barry akavua miwani. Kisha akatuita wote tubanane kwenye chumba chake, akazungusha kitufe, akatusikilizisha.

Kwanza tulidhani ni mzaha. Sauti ya Mama Naomi ilikuwa ya mtoto wa chekechea anayedai peremende. Besi zetu, wanaume wazima wenye ndevu, walikuwa kama vifaranga. *Tumevuka mto*, walilia vifaranga, mbio, *nguo hazikulowa*, na Barry kwa bidii akazungusha kidogo zaidi. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mwalimu. Alianza kwa kukohoa, akashika kingo za meza, akainama, na kicheko kikamtoka chote, machozi yakimdondoka kwenye tai. Mama Naomi baadaye aliniambia hakuwa amemsikia akicheka tangu mazishi. Sisi sote tukafuata, hata Barry asiyejua nini kinachekesha. "Zima, zima," Mwalimu aliomba. "Rudisha vile ilikuwa. Hiyo ya polepole ndiyo tutatuma. Huyo ni sisi. Watu wakicheka, wacheke." Ndiyo hiyo iliyotoka kwenye simu ya Trésor.

Mchana tulitoka nje kula. Eneo la viwanda Jumamosi halina mtu. Mageti yamefungwa, malori yamepangwa, jua limekaa juu ya lami. Tulitandaza chapati na chupa za chai kwenye ngazi za kupakulia mizigo. Mwalimu alisubiri kila mtu apate kikombe. Halafu akasimama, akawaambia. Hakujificha nyuma ya maneno: redio mbili, betri, Ezra aliyeona na kunyamaza. "Kwa hivyo huo wimbo ni wa kuchezwa," alimaliza. "Na sisi tulimzika nao kama kilio. Mimi ndiye nilifundisha. Nawaomba msamaha, na namwomba yeye." Hakuna aliyekunywa chai. Nilimwangalia Mama Naomi, kwa sababu sauti iliyouanzisha kaburini ilikuwa yake, na uso wake ulikuwa mgumu kama sijawahi kuuona.

"Msamaha wa nini?" alisema mwishowe. "Sisi tulikuwa tunalia siku hiyo. Ungetupatia wa kuruka, nani angeruka?" Akaweka kikombe chini, akajifuta mikono. "Hiyo ilikuwa ya siku ile. Leo si siku ile. Upendo, wewe ndiye uliona. Kuja hapa mbele."

Nikaenda mbele nikiwa na soksi tu miguuni, miguu ikiungua kwenye lami. Nilitazama nikangoja Mwalimu aje asimame kando yangu, mahali pa mwimbishaji, naye hakuja. Alikuwa amekwenda upande wa besi, kwenye nafasi ambayo Ezra alikuwa akisimama, na wenzake wakasogea kumpisha. Nikapiga makofi kuwapa mwendo. Mama Naomi akashika pindo la sketi yake akauanzisha, juu, juu kuliko nilivyojua anaweza kufika, na kumi na wanne wale wakainua magoti. Mwanzo walicheza kwa haya, wakitazamana. Ilipofika mara ya tatu haya ilikuwa imeisha, kofia zimeanguka, yule mwanamke wa Burundi anapiga vigelegele vilivyokuwa vikigonga mabati ya karakana na kurudi, na Barry amesimama mlangoni hana chochote mkononi cha kurekodia. Mwalimu Elkana hakujua kucheza hata kidogo. Aliinua goti wenzake wakishusha, akashusha wakiinua, tai imehamia mgongoni, na aliimba akiwa ametazama juu, mdomo wazi, akilia na kucheka bila kutenganisha. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma. Tulivuka mara tisa, kumi, sikuhesabu tena.

Tulipoishiwa pumzi watu walikaa chini palepale, wengine wakalala chali juu ya lami. Mwalimu alikuja kwenye ngazi nilikokuwa nimeegemea, akakaa, akasubiri moyo wake utulie.

"Sasa nimemzika mdogo wangu," alisema. Kisha akanipa kikombe chake, akaniomba nimmiminie chai.